Likizo za Mashine ya Saba

Kwanza niseme wazi: skripti haina roho mbaya. Ni maagizo machache tu unayoiandikia kompyuta, nayo inayafuata bila kununa, bila kuuliza na bila kuomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Mwenye makosa ni aliyeiandika. Na aliyeiandika ni mimi, siku ya Jumatano, saa sita kasorobo mchana, tumbo likinguruma, Mkaguzi akiwa amesimama nyuma ya kiti changu ananipumulia kisogoni.

Sipendi mtu asimame nyuma ya kiti changu. Nilimwambia mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa adabu pungufu. Alirudi nyuma hatua moja, akasogea tena hatua moja na nusu.

Kiwanda chetu kinashona mahema: ya sherehe, ya misiba, ya wanajeshi, na ya wale watu wenye nyumba zao nzuri wanaokwenda kulala porini kwa hiari. Mwezi ule kilikuwa kimepata wenyewe wapya, nao wakamtanguliza Mkaguzi ahakikishe kwamba watu wanaolipwa ni watu kweli. Alikuwa mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hadi inatisha, na alikuwa na hadithi moja aliyomsimulia kila aliyempa kiti: katika kiwanda alichokagua kabla ya chetu alikuta wafanyakazi hewa sitini, na mmoja wao alikuwa marehemu wa miaka minne aliyepandishwa cheo mara mbili. Wenzake arobaini walikuwa tayari kuapa kwamba asubuhi ile ile walikunywa naye chai.

"Tangu hapo sisikilizi watu," alisema. "Nasikiliza kumbukumbu."

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kwa wiki nzima mlinzi wa lango alimwandikisha kila aliyeingia kazini jina na namba ya kitambulisho. Mimi ndiye fundi kompyuta wa kiwanda, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuilinganisha orodha ile ya langoni na kanzidata, yaani lile daftari kubwa la ndani ya kompyuta ambamo kila mfanyakazi ana akaunti yake: jina, tarehe ya kuanza, mshahara, likizo, kila kitu. Skripti ingechukua jina moja moja kwenye orodha, ibishe hodi kwenye kanzidata, iulize kama mwenye jina ana akaunti, kisha iandike YUPO au HAYUPO. Ikimaliza igeuke, ichukue akaunti moja moja, iulize kama mwenye nayo alionekana langoni.

Mistari arobaini na mmoja. Niliona fahari, sitaki kudanganya. Nikaiachia.

HAYUPO, ikaandika. HAYUPO. HAYUPO. HAYUPO. Mia tatu na kumi na wawili wote hawapo, kuanzia mfagiaji mpaka meneja, na mimi mwenyewe nikiwa namba mia na themanini.

"Kiwanda kizima ni hewa?" Mkaguzi aliuliza, na nakuapia sauti yake ilikuwa na furaha.

"Hapana, mkuu. Ni mimi. Nimeielekeza kwenye kanzidata ya majaribio, na ile haina mtu."

Akanitazama kama fundi bomba aliyekuja bila spana. Nikarekebisha, nikaiachia tena, na sasa ikaja kama inavyotakiwa: YUPO, YUPO, YUPO, skrini inateleza mpaka macho yanauma. Nilikuwa nimeanza kuwaza chakula ilipofika namba mia mbili na saba.

HAYUPO.

Nikasoma jina. Nikasoma tena. Jina lile nalijua vizuri kuliko langu. Lilikuwa la shangazi yangu.

Hapa inabidi nieleze jambo, na naomba usinihukumu kabla sijamaliza. Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Ameshona mahema katika kiwanda hiki miaka kumi na tisa. Mimi nina miezi minane tu, na hakuna aliyejua kwamba tunafahamiana, sembuse kwamba tunalala nyumba moja. Siku naajiriwa nilipewa fomu yenye swali: una ndugu anayefanya kazi hapa? Kiwanda hakitaki ndugu, hasa mtu wa kompyuta, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuchezea kumbukumbu. Nilimpelekea Shangazi ile fomu nyumbani. Aliisoma akikatakata vitunguu, akasema, "Andika huna. Mimi sitasema, wewe hutasema, nani atajua?"

Nikaandika sina. Tangu hapo tulikuwa tunatoka nyumbani kwa kupishana dakika tano, yeye mbele, mimi nyuma. Kazini ananiita Fundi. Mimi namsalimia "Shikamoo, mama," kama ninavyomsalimia kila mwanamke wa umri wake, naye anaitikia huku akitazama pembeni, akijizuia asiniulize kama nimekunywa uji.

"Huyu mwanamke ni nani?" Mkaguzi akauliza.

"Sijui, mkuu. Mshonaji."

Nikajikaza kisabuni. Skripti ikamaliza orodha ya langoni, ikageuka kuanza na akaunti. Zote zilikuwa na wenyewe, isipokuwa moja. Na hiyo moja, jamani, ilikuwa na jina ambalo si jina la mtu. Iliitwa Mashine ya Saba.

Mkaguzi akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza alikaa. Tukaifungua ile akaunti. Mashine ya Saba ilikuwa mfanyakazi wa ukumbi wa kushona kwa miaka kumi na sita. Ilikuwa inalipwa mshahara kila mwezi. Iliwahi kupewa cheti cha mfanyakazi bora, mara mbili. Kwenye nafasi ya jinsia mtu alikuwa ameweka kistari.

"Mashine," Mkaguzi alisema taratibu, kama mtu anayeonja asali, "inalipwa mshahara."

Akaandika kwenye daftari lake. Akaniambia kwamba Ijumaa saa sita mchana orodha inakwenda kwa wenye kiwanda. Ile akaunti ya mashine itafungwa na kuchunguzwa, kwa kuwa lazima kuna mjanja anayekula kwa jina lake. Na yule mwanamke asiye na akaunti atatoka. Akitaka kazi, aombe upya kama watu wengine.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kama kuna masharti ya kuomba upya. Yapo, akasema. Asizidi miaka arobaini na mitano.

Shangazi ana hamsini na mitatu.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi wa kushona, kwenye ngazi za dharura, anakula wali kwenye bakuli la plastiki. Nikatazama huku na huku, nikakaa ngazi moja chini yake.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Umekula?"

"Shangazi, kwenye kompyuta hupo."

"Nipo wapi?"

"Hupo. Hakuna mtu mwenye jina lako. Kuna Mashine ya Saba."

Akatafuna, akameza. "Si ndiyo mimi."

"Nini ndiyo wewe?"

"Mashine ya Saba. Kwani hujui mashine yangu?"

Nilitamani kupiga kelele, lakini ngazi zile zina mwangwi. Nikamwambia anieleze polepole, naye akanieleza, akikasirika kidogo kwamba jambo dogo hivyo linahitaji maelezo. Kompyuta zilipoletwa, miaka kumi na sita iliyopita, alikuja kijana mmoja wa kuziandikisha. Alikuwa na haraka. Akapita mashine hadi mashine, akifungua akaunti kwa namba ya mashine, kwa sababu mahema yalikuwa yanahesabiwa kwa mashine, siyo kwa mtu. Alisema majina atakuja kuyajaza baadaye. Hakurudi. Miaka ikaenda, wenzake Shangazi wakahamishwa, huyu kukata, yule kufunga, huyu mashine nyingine, na kila aliyehama alifunguliwa akaunti yake mpya yenye jina lake. Shangazi peke yake ndiye hakuhama.

"Walitaka kunihamisha mara tatu," alisema. "Nikakataa. Ile mashine imenizoea. Ukimweka mtu mwingine inakata uzi."

"Na mshahara ukija kwa jina la mashine hukushangaa?"

"Unakuja?"

"Unakuja."

"Sasa nishangae nini?"

Nikamwambia suala lilivyo, tangu Mkaguzi mpaka Ijumaa saa sita. Alisikiliza akiwa ameweka kijiko chini. Nilipofika kwenye miaka arobaini na mitano alifunika bakuli lake, ingawa wali ulikuwa haujaisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba ameogopa. Shangazi hamwagi wali.

"Naweza kukufungulia akaunti leo hii," nikasema. "Dakika mbili."

"Itasema nimeanza lini?"

"Leo."

"Basi usinifungulie. Mimi sianzi leo. Nilishaumbwa mara moja, inatosha."

Na hata angekubali, isingefaa. Kanzidata inaandika kila mkono unaoigusa. Mkaguzi angeona nani kamfungulia nani, na saa ngapi, na ile hadithi ya marehemu aliyepanda cheo ingepata mwenzake.

Alhamisi nilishinda ndani ya akaunti ya Mashine ya Saba. Nilikuwa natafuta alama yoyote ya mtu: saini, picha, namba ya simu. Hakuna. Kulikuwa na hesabu ya mishono na ya nyuzi, na marekebisho ya sindano. Nikakata tamaa, nikafungua sehemu ambayo hakuna anayeifungua, ya maombi ya likizo na ruhusa. Mfanyakazi anaandika sababu, msimamizi wa ukumbi anakubali. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Saini, kwa sababu ukimpa hata karatasi ya kufungia maandazi atasaini.

Mashine ya Saba iliomba ruhusa ya siku mbili kwenda kung'oa jino la nyuma. Imekubaliwa.

Nilicheka peke yangu ofisini. Mashine ya Saba iliumwa kizunguzungu. Mashine ya Saba iliomba kwenda kuwa shahidi katika kesi ya mpaka wa kiwanja. Mashine ya Saba ilitaka nusu siku kwa sababu paka wa jirani ameingia darini na hatoki. Yote yamekubaliwa, yote yana saini. Nikawa nacheka nashuka chini, nikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, na sikugundua ni wakati gani kicheko kiliniishia.

"Mahafali ya mtoto wa kaka. Siku moja."

"Kumpeleka mtoto wa kaka chuo, ana mizigo mingi. Siku mbili."

"Mtoto wa kaka ana mtihani wa mwisho, hali chakula. Siku moja."

"Nimeitwa na mwalimu, mtoto wa kaka amevunja kioo. Nusu siku."

"Mtoto wa kaka ana surua. Siku tano."

"Mtoto wa kaka halali, anamwita baba yake. Siku tatu."

Na ya kwanza kabisa, miaka kumi na sita iliyopita, wiki ya pili tangu akaunti ifunguliwe: "Kufiwa na kaka. Siku nne."

Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka zile siku tatu za kutolala. Nilidhani Shangazi alikuwa nyumbani kwa sababu nyumbani ndiko anakokaa. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mahali alikuwa anaomba, na kwamba ananiandika sababu. Karibu kila siku aliyoichukua katika maisha yake yote ya kazi aliichukua kwa ajili yangu, na siku zilizobaki aliwapa daktari wa meno na paka. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia vizuri, nikapenga kamasi kwa karatasi ya printa, ambayo ni ngumu, usijaribu.

Halafu akili ikanirudi nikaona nilichokishika. Zile likizo zilikuwa ushahidi tosha kwamba Mashine ya Saba ni mtu, na ni mtu gani. Lakini nikiziweka mezani, nimejiweka mezani na mimi.

Ijumaa asubuhi, tukinywa chai, nilimwambia.

"Soma ya jino," Shangazi akasema. "Zile nyingine ruka."

"Na kama jino halitoshi?"

"Litatosha. Na usithubutu kujitaja. Nakujua ulivyo na kiherehere." Akanikatia mkate kipande cha pili bila kuniuliza. "Mimi nikitoka pale nitashona nyumbani. Wewe ukitoka pale kwa fedheha, nani atakupa kompyuta yake uishike?"

Alisema atashona nyumbani. Nyumbani hatuna hata cherehani.

Saa nne tulikuwa katika chumba cha mikutano: Mkaguzi, Bwana Saini, Shangazi akiwa na aproni yake ya kazi yenye pini kifuani, na mimi na kompyuta. Nilieleza habari ya kijana wa haraka na namba za mashine. Mkaguzi alisikiliza amekunja mikono.

"Hayo ni maneno," akasema. "Nimeshawaambia kuhusu maneno."

Nikamwonyesha jino. Akasoma. Akamgeukia Bwana Saini.

"Ulikubali mashine ikang'olewe jino?"

Bwana Saini alikohoa. "Niliangalia siku, mkuu. Siku zilikuwa hazijazidi."

Kitu kilitikisika usoni mwa Mkaguzi, akakizuia. Shangazi akaona ndiyo nafasi yake. Akainuka, akazunguka meza, akafungua mdomo wote mbele ya yule bwana, kidole ndani, akimwonyesha pengo. Mkaguzi alirudi nyuma na kiti chake. Kwa siku tatu nilikuwa nasubiri mtu amsogelee namna ile, ingawa sikuwaza meno.

"Mama, kaa tafadhali. Nimeliona. Ukumbi una wanawake arobaini. Nikiwapanga hapa, nusu yao watakuwa na pengo. Nitajuaje kwamba si kila mmoja alikuwa anachota siku kwa jina la mashine? Nataka kitu kinachoanzia mwanzo na kufika mwisho, cha mtu mmoja." Akaniambia, "Shuka chini."

"Chini hakuna kitu, mkuu, ni—"

Akanyoosha mkono mwenyewe, akashusha. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Alisoma muda mrefu. Bwana Saini naye akasogea kusoma, nadhani kwa mara ya kwanza. "Hii ya mwezi wa tatu," akasema, "kichwa kuuma siku nzima?"

"Hiyo nilidanganya," Shangazi akasema. "Nilikwenda kusukwa."

Bwana Saini aliumia, alionekana wazi.

"Mtoto wa kaka," Mkaguzi akasema. "Miaka kumi na sita, huyu huyu. Mtoto huyu yupo?"

"Yupo," Shangazi akasema.

"Ana vyeti? Vya shule, vya chuo? Tarehe za mahafali? Vikilingana na hizi ruhusa, na ni mtoto wa kaka yako wewe, mimi sina swali. Mlete."

"Yuko mbali."

"Wapi?"

"Nje ya nchi. Huko kwenye baridi."

"Apigiwe simu."

"Hana simu."

"Yuko nje ya nchi na hana simu?"

"Ni mtoto mkaidi," Shangazi akasema, akitazama dirishani, na pini zote kifuani mwake zilikuwa zinatetemeka.

Mkaguzi akachomoa kalamu. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo. Aliuweka mkono juu ya karatasi, na niliona anaanza kuandika jina la Shangazi katika safu ya watakaotoka.

"Mkuu," nikasema. "Faili langu liko kwenye lile kabati la mafaili pale kona. Vyeti vyangu vimo humo."

"Vyako vinahusu nini?"

"Mimi ndiye niliyevunja kioo."

Shangazi alifumba macho. Mkaguzi akaenda kwenye kabati, akatoa faili, akalileta mezani, akaweka cheti cha chuo kando ya skrini. Tarehe ya mahafali ikalingana. Akachukua cha shule. Siku ya mwisho ya mitihani ikalingana. Akachukua cheti changu cha kuzaliwa, akasoma jina la baba na la babu, kisha akachukua kitambulisho cha Shangazi akasoma jina la baba yake. Alizipitia zote, moja moja, kama skripti. Halafu akachukua karatasi ya mwisho katika lile faili, nami nilijua ni ipi.

"Hapa umeandika huna ndugu."

"Ndiyo, mkuu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kazi." Halafu mdomo wangu huu, sijui nani aliuumba, ukaongeza, "Na ukiangalia kanzidata, ni kweli sikuwa naye."

Hakucheka. Alifuta jina la Shangazi kwenye ile safu kwa mistari miwili iliyonyooka, akasema akaunti ibadilishwe mbele yake: jina la mtu, jinsia, na tarehe ya kweli ya kuanza, ile ya miaka kumi na tisa, kufuatana na barua ya ajira ambayo Shangazi alikuwa ameihifadhi chini ya godoro na sasa akaitoa mfukoni mwa aproni; peke yake isingeonyesha kwamba ndiye Mashine ya Saba. Atakayeibadilisha ni Bwana Saini mwenyewe, mimi nimwelekeze kwa mdomo tu, mikono nyuma. Bwana Saini alichapa kwa kidole kimoja, na kabla ya kuhifadhi alisoma kila neno mara mbili.

Kuhusu mimi, Mkaguzi alisema ndugu wawili hawawezi kubaki, na aliyedanganya fomu ndiye anayekwenda. Nimalizie mwezi. Hataandika udanganyifu, ataandika nimeondoka kwa hiari, na akiulizwa atasema skripti yangu ilifanya kazi. "Mara ya pili," akaongeza. Bado sijui kama ule ulikuwa mzaha.

Kwenye korido Shangazi alinikamata mkono. Wenzake walikuwa wanatoka kunawa, wamejaa pale, wote wanatazama.

"Nimekuhangaikia miaka yote hii," akasema, sauti iko juu, "ili uje ujipalie makaa mbele ya macho yangu?"

"Ulitaka nikae kimya?"

"Nilitaka ukae kazini."

"Shangazi, jina lako lilikuwa limeshaanza kuandikwa."

"Lingeandikwa. Jina langu lina nini?" Akanipiga kofi la begani, dogo, la aibu, kisha mkono wake haukutoka pale begani. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. "Ni mtoto wa kaka yangu," akawaambia, kwa hasira, kama vile wao ndio waliokuwa wanabisha. "Mwangalieni vizuri. Ni huyu."

Nikarudi ofisini nikakaa. Nilijiambia sitajali, na nilijali sana. Ilipofika saa tisa alasiri kompyuta ikalia: ombi jipya la likizo limeingia kutoka ukumbi wa kushona. Kwa amri mpya ya Mkaguzi, tangu mchana ule maombi yote yanapita kwa fundi kompyuta kabla ya kwenda kwa msimamizi. Nikalifungua.

Jina lilikuwa la Shangazi, kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake. Sababu: "Kumsindikiza mtoto wa kaka kutafuta kazi." Mahali pa kujaza idadi ya siku alikuwa ameandika, "Zote nilizobakiza."

Nikahesabu. Zilikuwa thelathini na nne. Nilitaka kushuka ukumbini nikamwambie kwamba mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na sita, najua kutafuta kazi kwa miguu yangu, na azitunze siku zake apumzike. Sikushuka. Nilikaa nikalitazama lile ombi mpaka herufi zikaanza kuogelea, kisha nikabonyeza panapoandikwa Imepokelewa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na nilikuwa bado nina wiki mbili nayo.